GPS Yenye Simu ya Upepo: Kwa Nini Niliitamani na Kwa Nini Sikuinunua

Msafara wa miguu kutoka nyanda za juu za Ngorongoro hadi Ziwa Natron husafiri katika makundi matatu, na kwa sehemu kubwa ya siku makundi hayo hayaonani. Watembeaji huondoka asubuhi na mapema wakiwa na mwongozaji pamoja na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Wenye punda hubaki nyuma wakivunja kambi na kufunga mizigo, kisha hutupita njiani kwa vijia vyao wenyewe, ambavyo si lazima viwe vyetu. Gari nalo, baada ya kutushusha Nainokanoka, hugeuza, hushuka hadi Mto wa Mbu, hupita Engaruka na kuzunguka kwa barabara ya vumbi mpaka Engare Sero, ambako dereva hutusubiri. Kati ya hapo na pale kuna Bulati, kuna ukingo wa kreta ya Empakaai unaopanda hadi mita 3,200 hivi, kuna kijiji cha Naiyobi, na kuna mteremko mrefu wa Bonde la Ufa unaotushusha mpaka mita 600 kutoka usawa wa bahari. Simu ya kawaida hushika juu ya kilima hiki na kufa nyuma ya kile. Nimeifanya kazi ya kuongoza safari hiyo kwa miaka mingi, na jambo lililoninyima usingizi kuliko chakula au maji lilikuwa kutojua kundi jingine liko wapi, na kukosa njia ya kuliarifu kwamba mpango umebadilika.

Nilidhani nimepata jibu mwaka 2018, nilipokwenda Marekani kumtembelea binamu yangu anayeishi Denver, katika jimbo la Colorado. Yeye hupenda kutembea milimani kama wengine wanavyopenda mpira, na alikuwa ameomba likizo ya wiki nzima ili anionyeshe Weminuche, eneo la pori lililohifadhiwa katika milima ya San Juan, kusini-magharibi mwa jimbo hilo, lenye ukubwa unaokaribia kilomita za mraba 2,000 na lisiloruhusu gari wala baiskeli. Asubuhi ya kuondoka alinipa kifaa kizito kidogo kuliko simu ya mkononi, chenye antena fupi nene, akabaki na kingine kama hicho. Ndani yake mlikuwa na GPS yenye ramani, na mlikuwa pia na simu ya upepo. Unabonyeza kitufe cha pembeni unazungumza. Ukikiachia, kifaa kinatuma nafasi yako, na mwenzako anaona alama yenye jina lako juu ya ramani yake.

Vifaa vya namna hii si vipya. Kampuni ya Garmin ilianza kuviuza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa jina la Rino, na wawindaji pamoja na watembea milimani wa Marekani wamekuwa wakivitumia tangu wakati huo. Kwangu, hata hivyo, lilikuwa jambo la kushangaza. Siku ya kwanza nilikuwa nikisimama kila baada ya dakika kumi si kwa kuchoka, bali kwa hamu ya kuona alama ya binamu yangu ikisogea mbele yangu kwenye kioo. Nilianza hata kupiga hesabu: kimoja kwangu, kimoja kwa wenye punda, kimoja kwa dereva.

Siku ya pili ndipo nilipofundishwa. Goti langu lilikuwa limeanza kuuma, nasi tukakubaliana kwamba binamu atangulie hadi kwenye pengo la mlima, anisubiri huko. Kwa muda wa saa moja niliiona alama yake ikipanda, kisha ikasimama, na mimi nikafurahi kwamba amefika na amekaa kitako. Nilipofika mahali penyewe hapakuwa na mtu. Alama ilikuwa bado palepale, karibu chini ya miguu yangu, na mtu hayupo. Nilihitaji dakika kadhaa za wasiwasi kuelewa kwamba nilichokuwa nikikitazama si nafasi ya binamu yangu, bali ni nafasi yake ya mwisho kusikika. Alikuwa amevuka pengo na kushuka upande wa pili kutafuta mahali pa kujikinga, kwa sababu mawingu ya radi yalikuwa yakikusanyika kama yanavyofanya kila alasiri ya Julai na Agosti katika milima ile, na tangu alipovuka, jabali lilikuwa limekaa katikati ya antena yake na yangu. Kifaa hakikunidanganya, kwa maana kando ya alama mlikuwa na saa ya mara ya mwisho kupokelewa, imeandikwa kwa herufi ndogo. Ni mimi sikuisoma. Tangu siku ile, mtu akinionyesha nukta ya mwenzake kwenye kioo chochote, swali langu la kwanza ni kwamba nukta hiyo ni ya saa ngapi.

Nilipokuwa nikijaribu kumwita, betri yangu ilizimika. Nilikuwa nimeiacha taa ya kioo kwenye mwanga wa juu kabisa, nimezungumza kupita kiasi, na nilikuwa nikitumia wati 5 kwa mazungumzo ambayo wati 1 ingetosha. Hayo yote yalikuwa makosa yangu, lakini matokeo yake yalitokana na namna kifaa chenyewe kilivyobuniwa: betri ilipokufa, sauti na ramani vilikufa kwa mkupuo mmoja. Ramani ya karatasi ilikuwa katika begi la binamu. Alinipata kwa filimbi, nusu saa baadaye, tukiwa sote tumelowa, naye akaanza kunicheka kabla hajanifikia.

Jioni ile ndani ya hema tulizungumza sana kuhusu umbali ambao simu za upepo hufika, nami nilitambua kwamba nilikuwa nimeamini maandishi ya kwenye maboksi. Simu ndogo za upepo huuzwa zikiwa zimeandikwa kwamba zinafika maili 20 au hata 35, na hilo si uongo mtupu. Mtu akiwa kileleni na mwenzake akiwa bondeni, bila kitu chochote katikati, linawezekana. Lakini mawimbi ya simu hizi husafiri karibu kama macho yanavyoona. Watu wawili waliosimama kwenye uwanda mtupu, kila mmoja akiwa ameshika simu kwenye kimo cha kifua, wana upeo wa kilomita 5 hivi kila mmoja, yaani 10 wakijumlishwa, na hapo hakuna mti wala kichuguu. Ukiongeza nguvu kutoka nusu wati hadi wati 5 umeizidisha mara kumi, na sauti itakuwa safi zaidi pale inapofika, ila mlima hautasogea. Hatua mia za kupanda kwenye kigongo zina faida kuliko wati zote hizo. Hili nimelithibitisha mara nyingi huku kwetu: kutoka sehemu fulani ya ukingo wa kaskazini wa Empakaai nimezungumza na dereva aliyekuwa Engare Sero, zaidi ya kilomita 30, kana kwamba yuko chumba cha pili, lakini siku iliyofuata, nikiwa ndani ya korongo chini ya Naiyobi, umbali umepungua sana, sikusikia hata mkwaruzo.

Pamoja na somo hilo nilirudi Arusha nikiwa bado navitamani vifaa vile. Binamu alikuwa tayari kunitumia vitatu. Kilichonizuia kwanza ni sheria, na nashukuru kwamba nilimuuliza fundi mmoja wa mawasiliano kabla sijalipia mzigo.

Kule Marekani, masafa ya megahezi 462 na 467 yametengwa kwa matumizi ya watu wa kawaida. Sehemu yake moja, yenye nguvu ndogo, haihitaji leseni kabisa. Nyingine, inayoruhusu nguvu kubwa, huhitaji leseni isiyo na mtihani, ambayo hudumu miaka 10 na kuwahusu watu wote wa familia. Wakati ule ada yake ilikuwa dola 70, na tangu mwaka 2022 ni dola 35. Sheria yao imefikiria hata jambo la kutuma nafasi: kifaa hakiruhusiwi kutuma taarifa hizo zaidi ya mara moja kila sekunde 30, ili chaneli isijae milio. Huo ni utaratibu mzuri, lakini ni utaratibu wa nchi yao. Mawimbi hayana uraia, ila leseni inao. Tanzania masafa husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na ruhusa aliyopewa binamu yangu Denver haikunipa mimi haki yoyote Naiyobi. Ulaya nako wana masafa yao ya watu wote, ya megahezi 446, yenye nguvu isiyozidi nusu wati na antena isiyobanduka. Wageni wetu wengi kutoka huko huja na simu hizo mifukoni wakidhani ni vitu vya kuchezea tu, nami huwaomba kwa upole wazizime na kuziacha kwenye begi.

Fundi yule aliniuliza jambo jingine ambalo, nikilikumbuka, naona aibu kidogo kwamba sikulifikiria mwenyewe. "Kaka, hilo gari lenu lina simu ya upepo?" Nilimjibu kwamba linayo, kama yalivyo magari mengi ya utalii ya Arusha. "Ya VHF?" Ndiyo, ya VHF. "Basi hivyo vya Marekani ni UHF, masafa ya juu kuliko VHF. Vitazungumza vyenyewe kwa vyenyewe, na gari litabaki kiziwi." Gari ndilo lenye antena ndefu kuliko zote, lenye betri isiyoisha, na lenye mtu aliyekaa tu akisubiri habari. Nilikuwa karibu kununua, kwa fedha nyingi, mfumo ambao ungeliacha nje kundi la muhimu kuliko yote siku ya hatari. Tena, uwezo wa kutumiana nafasi hufanya kazi baina ya vifaa vya ukoo mmoja tu. Ukinunua kimoja umenunua kiatu kimoja. Ukinunua viwili, siku kimoja kikitumbukia mtoni umerudi kwenye kiatu kimoja.

Kwa hiyo nilitenganisha mambo. Simu za upepo nilizichukua za VHF, za kukodi, kutoka kwa kampuni yenye leseni ya masafa, zikapangwa chaneli zilezile za gari. GPS nilinunua peke yake. Uamuzi huo ulinipunguzia matatizo, lakini haukuyamaliza, na sitaki msomaji adhani kwamba vifaa viwili vina busara kuliko kimoja kwa sababu tu ni viwili.

Safari ya kwanza na simu za kukodi, tulimwita dereva kwa zaidi ya saa nzima bila kujibiwa. Nilikuwa nimeshaanza kumlaumu moyoni kwamba amelala. Kumbe alikuwa akitujibu kila mara, na yeye alikuwa amekasirika kuliko mimi. Simu yangu ilikuwa imewekewa mlio wa siri, ule unaoitwa na wauzaji msimbo wa faragha, na ya gari haikuwekewa. Jina la msimbo huo linapotosha, kwa kuwa haufichi mazungumzo yako hata kidogo. Yeyote aliye kwenye chaneli hiyo bila msimbo anakusikia vizuri. Unachofanya msimbo huo ni kuizuia spika yako isifunguke mpaka isikie mlio uleule kutoka upande wa pili. Dereva alinisikia mimi, mimi sikumsikia yeye. Sasa kabla gari halijaondoka Nainokanoka, kila mwenye simu huenda mita mia mbili pembeni, kila mmoja humwita kila mwenzake, na kila mmoja hujibu. Kumjaribu mmoja tu hakutoshi, wala kujaribu upande mmoja hakutoshi.

Kuhusu GPS, nilichagua yenye vitufe badala ya kioo cha kugusa, na inayotumia betri mbili za ukubwa wa AA. Wenzangu wa mjini waliniona nimerudi nyuma miaka ishirini. Lakini asubuhi za Empakaai ni za baridi kali, vidole huwa ndani ya glavu, na mvua ikinyesha matone huanza kubonyeza kioo cha kugusa kabla yako. Betri za AA hupatikana hata dukani Naiyobi, japo si nzuri. Betri maalumu ya kifaa fulani haipatikani hata Arusha wakati mwingine. Usiku huziweka betri zangu ndani ya mfuko wa kulalia, kwa kuwa baridi huzipunguzia nguvu, na jua likitoka huzirudisha kifaani zikiwa na joto la mwili.

Vumbi nalo lina hesabu yake. Vifaa vingi vya porini huandikwa IPX7, na watu husoma namba hiyo wakaona imemaliza kila kitu. Ile 7 inahusu maji: kifaa kinaweza kuzama mita moja kwa nusu saa. Herufi X iliyo mahali pa tarakimu ya kwanza maana yake ni kwamba hakuna kiwango cha vumbi kilichotajwa. Kwa mtu anayetembea chini ya Ol Doinyo Lengai, ambako majivu laini ya volkano huingia mpaka kwenye mishono ya nguo, tarakimu ya kwanza ina uzito kuliko ya pili. Kifaa kilichoandikwa IP67 kimepimwa kwa vyote viwili. Tundu la chaji lisilofunika vizuri ndilo linaloharibika kwanza, na hiyo ilikuwa sababu nyingine ya kupenda betri za kubadilisha.

Hata hivyo, makosa makubwa niliyoyafanya na GPS hayakutoka kwenye kifaa. Yalitoka kwenye mipangilio, na mawili kati yake nayaeleza kwa kirefu kwa sababu nawaona waongozaji vijana wakiyarudia.

La kwanza lilihusu chemchemi. Nilikuwa nimechukua nafasi yake kutoka ramani ya karatasi ya kipimo cha 1:50,000, zile za zamani za serikali ambazo bado ni nzuri ajabu kwa kuonyesha vigongo na makorongo, nikaiingiza kwenye GPS. Tulifika mahali kifaa kilipotuambia tumefika, na hapakuwa na maji. Ramani zile zilichorwa kwa msingi wa upimaji unaoitwa Arc 1960, na GPS yangu, kama ilivyo kawaida, ilikuwa kwenye WGS84. Tofauti ya misingi hiyo miwili katika sehemu zetu ni mita 300 hivi. Kwenye uwanda, mita 300 ni mahali ambapo ungemwona mbuzi. Kwenye mteremko ule, ni ng'ambo ya korongo. Vifaa vingi vina Arc 1960 katika orodha ya mipangilio yao. Unaichagua kabla ya kuingiza namba za ramani, kisha unarudisha WGS84, na kifaa hugeuza chenyewe.

La pili lilitokea safari nyingine, upande wa mashariki wa ziwa, tulipokuwa chini ya mlima Gelai na tulitaka gari litufuate. Nilimsomea dereva namba zangu kwenye simu ya upepo, polepole, mara mbili, naye akaziandika na kuziingiza kwenye GPS ya gari. Kukawa kimya. Kisha sauti yake ikaja, yenye subira ya mtu mzima anayezungumza na mtoto: "Kaka, hii pointi yako iko Burundi."

Tulicheka baadaye, si wakati ule. Namba nilizomsomea zilikuwa za mfumo wa UTM, unaoigawa dunia katika kanda zenye upana wa nyuzi 6 za longitudo, na mpaka wa kanda ya 36 na ya 37 ni longitudo ya nyuzi 36 mashariki, ambayo hupita papo hapo Natron. Upande wa magharibi wa mstari huo namba ya mashariki huanza na 83. Ukivuka kidogo tu, kifaa kinabadilisha kanda na namba inaanza na 16. Mimi nilikuwa nimevuka, yeye alikuwa hajavuka, na sikumtajia kanda. Namba yangu ndani ya kanda yake ilimpeleka zaidi ya kilomita 660 magharibi, karibu na Kirundo. Baada ya siku ile tuliachana na UTM kwa mazungumzo ya simu. Vifaa vyote sasa viko kwenye nyuzi na dakika zenye desimali, na kwa kuwa njia yetu kuanzia Empakaai kwenda kaskazini yote iko kati ya nyuzi 2 na 3 kusini, mtu husoma dakika pekee: namba chache, nafasi chache za kukosea. Anayepokea hurudia kusoma alichoandika kabla ya mtu yeyote kupiga hatua.

Jambo la wenye punda lilinichukua muda zaidi kulielewa. Nilikuwa nimempa mzee wa msafara, Mmaasai wa Naiyobi ambaye ameipita njia ile tangu akichunga ndama, simu moja ya upepo na GPS ndogo, nikamfundisha kwa bidii namna ya kuchukua pointi. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akanirudishia GPS, akabaki na simu.

"Mwanangu, hii inaniambia mimi niko wapi. Mimi najua niko wapi. Nataka ile inayokuambia wewe."

"Lakini mzee, ukiniambia upo kwenye korongo fulani, mimi nitalijuaje?"

"Basi jifunze majina."

Nilijifunza. Ilinichukua safari tatu, daftari moja, na subira yake. Kila korongo, kila mti mkubwa peke yake, kila mahali pa kunywesha mifugo pana jina, na nilikuwa nikichukua pointi pale anapolitaja, kisha nalihifadhi kwenye GPS kwa jina hilohilo badala ya namba. Dereva naye akanakili orodha nzima. Sasa mzee akisema yupo mahali fulani, mimi na dereva tunapaona kwenye vioo vyetu, na yeye hajagusa kifaa chochote zaidi ya kitufe cha kuzungumzia. Nikilinganisha na alama zile zilizokuwa zikisogea zenyewe kule Weminuche, huu ni utaratibu wa polepole. Lakini una kitu ambacho alama zile hazikuwa nacho: anaponiambia yupo pale, yupo pale sasa hivi, kwa sababu ndiyo kwanza amesema.

Kimebaki kifaa cha tatu, nilichokiongeza baadaye, nacho ni cha kutuma ujumbe mfupi kwa setilaiti. Hiki hakishindani na simu ya upepo. Nimechagua cha mtandao wa Iridium, ambao una setilaiti 66 zinazozunguka dunia nzima kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo hakijali mnara uko wapi wala mlima gani umekaa katikati yangu na dereva, mradi juu pawe wazi. Ndani ya korongo jembamba ujumbe unaweza kukaa ukisubiri setilaiti ipite. Kina ada ya mwezi, nacho pia, kama chombo chochote kinachorusha mawimbi, si cha kuingiza nchini bila kuuliza utaratibu wa ruhusa kwanza. Hukiweka kwenye begi la juu, kikiwa kimewashwa, na huwa naandika mapema ujumbe wa kuita msaada, wenye namba ya simu ya ofisi na jina la kijiji chenye barabara iliyo karibu, kwa sababu siku ya kuuhitaji vidole havitakuwa na utulivu wa kuandika. Kitufe chake cha dharura hupeleka habari kwenye kituo kilicho mbali sana na sisi. Atakayekuja ni dereva wangu, au gari la kijiji, au helikopta ikiwa bima ya mgeni inailipia. Kwa hiyo kabla ya safari huwaeleza watu wa ofisini wafanye nini wakipokea simu ya namna hiyo kutoka kwa mtu asiyejua Naiyobi iko wapi.

Simu ya mkononi nayo hubeba ramani za kutembelea bila mtandao, na kwa kutazama umbo la nchi ni nzuri kuliko GPS yangu yenye kioo kidogo. Huizima mchana na kuiwasha kambini.

Mwaka jana binamu alikuja, tukatembea naye njia yote. Alikuja na jozi yake ya vifaa kwa mazoea, akaniuliza kama anaweza kuviwasha upande wa GPS tu na kuacha simu imezimwa, nikamwambia hilo halina ubaya. Siku ya pili, tukishuka kutoka Empakaai, ukungu ulitufunika. Aliangalia kioo chake, akaniambia hajui punda wako wapi. Nilimpa simu yangu ya upepo amwite mzee mwenyewe. Mzee alijibu kwa jina la mahali, neno moja, nikalitafuta kwenye orodha: mita 400 mbele yetu, kushoto kwa njia. Tulipofika, chai ilikuwa imeshachemka.